Stesheni ya Kigoma ni ya Nani?



Najua nimepotea. Kuna waliodhani nimedisko, na mmoja alidiriki kumuuliza dada yangu kabisa. Sijadisko jamani. Nilikuwa TP, tena mbali: nilipangiwa Kigoma. Siku majina yalipobandikwa, wenzangu waliopata Kibaha na Bagamoyo walinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Nimerudi wiki iliyopita, na leo sitaandika habari za TP yenyewe (chaki, usingizi wa Jumatatu asubuhi, msimamizi anayetokea siku ambayo hujaandaa somo, mnayajua hayo). Nataka kuandika kuhusu jengo moja. Nimelipiga picha kama arobaini hivi, na nilipowaonyesha watu wa chumbani kwetu hapa bwenini ukazuka ubishi ambao mpaka sasa haujaisha. Mwenzangu mmoja, naye anasoma Historia kama mimi, aliangalia picha tatu tu akanirudishia simu. "Yaani wewe mwalimu mtarajiwa unasifia jengo la mkoloni? Hiyo si stesheni, hiyo ni mnyororo uliopakwa chokaa."

Sikuwa na jibu wakati ule. Nilikasirika tu, halafu nikaenda kuoga. Jibu ninalo leo, kwa hiyo asome hapa.

Nianze na safari. Bumu lilikuwa limeshakata, ndege sikuifikiria hata kwa dakika moja, na basi la saa zote zile mgongo wangu uliligomea. Nikapanda treni ya zamani, ile ya reli ya meta moja, kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli. Kilometa 1,252. Aliyewahi kuipanda anajua kwamba treni ile ni soko linalotembea. Unanunua kuku, unanunua karanga, unalala, unaamka kwenye stesheni nyingine na akina mama wengine wanakuita "dada" dirishani. Ukifika Uvinza unajua chumvi imekaribia mikononi mwako, na ukipita hapo watu wanaanza kufunga mizigo na kutafuta viatu chini ya viti. Treni inashuka taratibu kuelekea ziwani, halafu inasimama kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Mbele ni maji.

Nilishuka na begi langu na boksi la vitabu, nikapita ndani ya jengo bila kuliangalia. Nilikuwa nawaza usafiri tu. Nilipokuwa barabarani, nimeanza kupanda ile barabara ya Lumumba, ndipo nikageuka nyuma kumwangalia kijana aliyenibebea boksi. Nikasimama. Kha! Kumbe nimetoka humo?

Jengo ni jeupe, refu, limekaa chini kabisa mwisho wa barabara kama mzee aliyeketi kwenye kiti chake anawapokea wageni. Lina matao, na nyuma ya matao kuna kivuli kizito cha baraza. Mji wa Kigoma umejaa maduka ya kawaida, bodaboda na miembe, halafu ghafla unakutana na kitu hicho. Mtu aliyezoea Dar hawezi kushangaa ukubwa, kwa kuwa ghorofa tunaziona kila siku mpaka shingo zinauma. Kilichonishangaza ni utulivu wake. Halipigi kelele. Limejengwa na mtu aliyejua jua la pale linatoka wapi na mvua inapiga vipi.

Nilirudi siku ya pili asubuhi kuliangalia vizuri, na nimerudi tena mara nyingi kuliko nilivyomwambia msimamizi wangu. Ukisimama chini ya yale matao saa saba mchana, nje watu wanaungua, wewe unasikia ubaridi kwenye miguu. Kuta ni nene. Baraza ni pana kiasi kwamba jua haligusi ukuta wa ndani, na upepo unaotoka ziwani unapita tu bila kuombwa. Hakuna feni wala kiyoyozi kwenye baraza lile na hakihitajiki. Nilikumbuka mabweni yetu mapya yenye madirisha ya kioo yanayotugeuza chapati kila Februari, nikasonya peke yangu.

Sasa swali linalomjia kila mtu: kwa nini jengo kubwa namna ile kwenye mji ambao wakati huo ulikuwa mdogo? Jibu lake liko majini. Wajerumani hawakulenga Kigoma peke yake, walilenga ziwa zima na ng'ambo yake. Ruanda na Urundi walikuwa nazo tayari, na Kongo ya mashariki iko pale mbele. Walitaka mali yote ya upande huo ipite mlango huu kwenda pwani. Stesheni ndiyo mlango wenyewe, na mlango wa tajiri hauwi mdogo. Kwa reli hiyohiyo ndipo ilipopita meli ile tunayoiita Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye maelfu ya makasha, ikaletwa Dar, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Fikiria meli nzima inapita Dodoma na Tabora ndani ya makasha!

Na Ujiji je? Hapo ndipo utamu unapoanza kuchanganyika na uchungu. Ujiji ndiyo ilikuwa mji. Misafara ya pwani ilikuwa ikiishia pale, baada ya miezi ya kutembea kwa miguu kupitia Tabora, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Reli ilifuata karibu njia ileile ya misafara, lakini mwishoni ikaiacha Ujiji pembeni kwa kilometa chache na kwenda kwenye ghuba ya Kigoma, maana maji yake yana kina kizuri cha meli. Basi. Mji wa zamani ukabaki na historia na misikiti yake, mji mpya ukapata biashara. Mzee mmoja wa Ujiji niliyemsalimia shikamoo akanijibu, "Marahaba mwanangu. Umetoka kuangalia jengo letu? Lile ndilo lililotunyang'anya." Alicheka, lakini alisema.

Kwa hiyo mwenzangu wa chumbani ana hoja, sikatai. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar mwaka 1905. Mwaka huohuo, kusini, Maji Maji ilikuwa imewaka. Pesa zilitoka benki za Ujerumani, kazi ikasimamiwa na kampuni ya Philipp Holzmann, na watu wakasukumwa kwenye vibarua kwa kodi ya nyumba iliyokuwa ikidaiwa tangu 1898. Huna fedha ya kodi? Kazi ipo. Reli ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914. Tarehe hizi nilizikariri kidato cha tatu, nikazijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Na TP nilizipeleka ubaoni vilevile kama nilivyozipokea: "Wajerumani walijenga Reli ya Kati kati ya 1905 na 1914. Sababu: kwanza kusafirisha malighafi, pili kusafirisha askari, tatu..." Wanafunzi wanaandika, mimi naangalia saa.

Nyuma kabisa kuna binti akanyosha mkono. Mkimya sana yule, sikuwa nimeisikia sauti yake wiki mbili nzima.

"Mwalimu, babu yangu anasema babu yake yeye alitoka Tabora akija na hiyo reli, anabeba vyuma. Ndiyo maana sisi tuko hapa. Mbona kwenye notisi hayupo?"

Jamani. Mimi ndiye nilikuwa na chaki, yeye ndiye alikuwa anafundisha. Nilijibu kitu fulani cha kimwalimu ("swali zuri, tutalirudia") lakini usiku sikulala vizuri. Maana ukilitazama lile neno, "walijenga", ni uongo mweupe kabisa. Mjerumani alichora, alisimamia, alilipia na alifaidika. Aliyechimba, aliyebeba, aliyegonga chuma na kuzika wenzake njiani ni mtu mwingine, na tunajua alikuwa nani. Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi hodari wa ile misafara, walikuwa wengi sana kwenye vibarua vya reli. Tazama kejeli yake: watu ambao kubeba mizigo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kujivunia walijenga kwa mikono yao kitu kilichoiua kazi hiyo. Siku treni ilipofika ziwani, nani tena angemlipa mpagazi atembee miezi?

Baada ya siku chache niliomba ruhusa shuleni, nikaomba na ruhusa kwa wakubwa wa stesheni, tukaenda. Darasa zima kwa miguu, na mistari miwili iliyovunjika kabla hatujafika hata sokoni. Sikuwapa notisi. Niliwaambia kila mtu atafute kitu kimoja kwenye jengo ambacho lazima mtu alikibeba kwa mikono. Waligusa kuta, walihesabu matao, wawili waligombana kuhusu idadi yake. Mmoja akaniuliza kama ni kweli kuna handaki chini linalokwenda mpaka ile nyumba wanayoiita ya Kaiser. (Hadithi ya handaki mtaisikia kwa kila mtu Kigoma, kila mmoja na urefu wake. Kaiser mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko, kwa hiyo sijui angekimbia nini.) Yule binti yeye alikaa barazani, mkono kwenye ukuta, hakuandika kitu. Sikumsumbua.

Na pale ndipo nilipopiga hesabu ambayo namletea mwenzangu wa chumbani. Reli ilifika Kigoma Februari 1914. Vita Kuu ikaanza Agosti mwaka uleule. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Kigoma, Wajerumani wakaondoka na hawakurudi tena kama watawala. Toa mwenyewe: miaka miwili na nusu! Wale walioona mlango wa utajiri wa Kongo waliutumia mlango wao kwa miaka miwili na nusu, tena mingi yake ikiwa ya vita. Baadaye akaja Mwingereza, naye akaondoka 1961. Miaka yote iliyobaki, na katikati ya hiyo ya wakoloni pia, aliyejaza stesheni ile ni nani? Ni mama mwenye madumu ya mawese. Ni mwanafunzi anayekwenda sekondari Tabora na sanduku la bati. Ni mfanyabiashara wa migebuka na dagaa, Mkongomani anayesubiri meli ya Kalemie, mkimbizi mwenye kitambulisho mkononi, mwanajeshi, bi harusi. Hata mgomo mkubwa wa 1947 ulioanza bandarini Dar uliwabeba wafanyakazi wa reli na kusambaa bara kwa njia hiyohiyo ya chuma. Njia aliyoijenga mkoloni ili atawale vizuri ilipeleka habari ya kumgomea.

Sasa mtu akiniambia jengo lile ni la Mjerumani namuuliza, kwa hesabu gani? Kama ni jasho, ni letu. Kama ni matumizi, letu. Nyumba akiijenga fundi kwa kulazimishwa, halafu akaishi ndani yake yeye, wanawe na wajukuu kwa zaidi ya miaka mia moja, utamwambia ahame kwa vile ramani ilichorwa na mtu mbaya? Mimi naona kulisifia jengo lile siyo kumsifia mkoloni. Kumsifia mkoloni ni kuandika "Wajerumani walijenga" na kuweka nukta. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi, ubaoni, kwa mwandiko mzuri.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mtu aliyekaa Kigoma majuma machache akalewa upepo wa ziwa. Sawa. Lakini kuna jambo linalokuja ambalo haliwezi kusubiri tumalize ubishi. Mkataba wa kujenga SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ninaifurahia, msinielewe vibaya. Treni ya umeme ya Dar mpaka Dodoma iliyoanza 2024 nimeipanda na nitaipanda tena, na stesheni yake mpya pale Dar yenye umbo la tanzanaiti siyo mbaya, ingawa kwangu inang'aa mno. Tatizo ni kwamba reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ya zamani 1,000. Haziwezi kushea njia. Reli mpya huja na stesheni zake mpya, na abiria watafuata treni. Jengo lenye abiria lina watu wa kulifagia na kulipaka chokaa. Jengo lisilo na abiria lina popo.

Na sheria nayo tuiangalie, maana wengi tunadhani kila kitu cha kale kinalindwa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kabla ya 1863! Kitu chochote cha enzi ya Mjerumani kimezaliwa kimechelewa. Ili kilindwe, lazima waziri akitangaze. Yaani kinga ya stesheni kama ile ni saini ya mtu, siyo umri wake. Sisi tunaosoma Historia tunaandika insha za kurasa kumi na tano kuhusu ubeberu, lakini ni wangapi tumewahi kuisoma sheria hii ya kurasa chache? Mimi mwenyewe nimeisoma baada ya kurudi, maktaba, huku nikiwa na deni la kazi tatu za semina.

Ninachotaka mimi kiko wazi. Lisibomolewe, na lisifungwe kwa kufuli likaitwa "urithi". Paris wana stesheni ya Orsay iliyofunguliwa mwaka 1900. Treni zikarefuka, majukwaa yake yakawa mafupi, na tangu 1986 ni jumba la makumbusho. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Yote mazuri. Lakini kwa Kigoma ningependa zaidi libaki na kazi: tiketi ziendelee kukatwa humo, au mabasi na meli wapewe madirisha yao, vyumba vya juu viwe maktaba, watoto wa shule wapate baraza lenye ubaridi la kusomea. Na ukutani, mahali ambapo mtu anayesubiri safari atapaona, paandikwe kwa Kiswahili watu walitoka wapi kuja kuijenga reli na kwa kodi gani. Siyo kibao cha shaba cha kumshukuru mheshimiwa fulani kwa kuzindua, vibao hivyo tunavyo vya kutosha.

Mwenzangu wa chumbani ameisoma rasimu ya haya juzi usiku akiwa kitandani. Akanyamaza muda, kisha akasema bado hajakubali, na kwamba mfano wangu wa nyumba na fundi una tundu. Tundu lenyewe hakulitaja. Ila aliomba zile picha arobaini, eti anataka kuangalia matao.

Siku yangu ya mwisho Kigoma darasa lilinisindikiza mpaka stesheni. Yule binti alinipa karatasi iliyokunjwa, akanikataza kuifungua kabla ya Uvinza. Nilifungua kabla ya Luiche, nisamehewe. Alikuwa amenakili ile notisi yangu ya ubaoni neno kwa neno, tarehe zote, sababu zote. Mstari wa kwanza tu ndio aliubadilisha. Neno "Wajerumani" alilikata kwa kalamu nyekundu, nyekundu yangu mwenyewe niliyodhani nimeipoteza, na juu yake akaandika jina la babu wa babu yake.